Geti la Shemeji na Dhoruba ya Jua

CHAMA CHA WAPIMA DHORUBA ZA JUA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KUMI NA NNE CHA KAMATI, KILICHOFANYIKA JUMAMOSI ALASIRI KATIKA DARASA LA CHEKECHEA, NA BAADAYE, KWA SABABU ZITAKAZOELEZWA, KATIKATI YA UWANJA WA MPIRA

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti (mwalimu mstaafu wa fizikia)
2. Mweka Hazina (fundi wa kuchomea vyuma)
3. Mama Kuku (mfugaji, mjumbe)
4. Fundi Simu (mtengenezaji wa simu na muundaji wa vyombo vya chama)
5. Katibu (karani mstaafu wa mahakama, dada wa Na. 1 na mke wa Na. 2)

MGENI MWALIKWA
Mtaalamu kutoka taasisi inayofuatilia hali ya anga za juu, ambaye humu ataitwa Mgeni

ASIYEHUDHURIA, KWA TAARIFA
Mpima Ardhi. Taarifa yake kwa njia ya simu ilikuwa: "Niko kazini. Na hata nisingekuwa kazini, nisingekuja."

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuchelewa kidogo, kwa kuwa viti vyote ni vya watoto na kila mjumbe alihitaji muda wa kuketi na muda mwingine wa kuamini kwamba ameketi. Alieleza kwamba darasa hili lilichaguliwa makusudi. Viti na meza ni vya plastiki, hakuna chuma, na kwa hiyo chombo cha chama kitaonyeshwa kwa Mgeni bila kusumbuliwa. Aliongeza kwamba ni mahali pa haki, "si kwangu, wala si kwa watu wengine."

Mweka Hazina aliuliza hao watu wengine ni akina nani.

Mwenyekiti alimwomba Katibu amwambie mumewe kwamba maswali yatakuja baadaye. Katibu alimkumbusha Mwenyekiti kwamba mumewe ameketi mbele yake na kwamba magoti yao yanagusana.

Kwa faida ya Mgeni, ilielezwa kwamba Mwenyekiti na Mweka Hazina ni mashemeji na pia ni majirani, wametenganishwa na ukuta mmoja. Upande mmoja ni ua wa Mwenyekiti, mahali lilipofukiwa Kopo la Kwanza, yaani chombo cha kwanza cha chama. Upande wa pili ni karakana ya Mweka Hazina. Tangu mvua za mwanzo wa mwaka wawili hao hawasemezani ila ndani ya vikao, na ndani ya vikao husemezana kupitia kwa Katibu. Mgeni alisema pole. Haikubainika alikuwa akimwambia nani.

KUMB. NA. 2/14: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Mwenyekiti aliomba neno "alifoka" katika ukurasa wa pili libadilishwe kuwa "alisisitiza". Mama Kuku alisema yeye alikuwepo, na alichokisikia hakikuwa kusisitiza. Baada ya mjadala ilikubaliwa iandikwe "alisisitiza kwa sauti iliyovuka barabara". Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/14: JINA LA CHOMBO

Mwenyekiti alikumbusha kwamba jina rasmi la chombo ni Kipima-Sumaku cha Kubebeka cha Wananchi, na kwamba anasikitishwa na wajumbe wanaoendelea kukiita "kopo". Fundi Simu alisema ni kweli jina hilo ni zuri, ila mtu akimaliza kulitamka, betri imeisha. Mgeni aliuliza aandike jina lipi katika ripoti yake. Kabla hajajibiwa alionekana ameshaandika "kopo". Mwenyekiti aliona pia.

KUMB. NA. 4/14: TAARIFA YA UFUNDI

Fundi Simu aliwasilisha Kopo la Tatu, lililokuwa mezani. Alieleza kwamba nje ni kopo la plastiki la kawaida la kubebea chakula. Ndani mna kihisi cha usumaku, ndugu wa kile kinachoiambia simu kaskazini iko wapi, ila hiki kina masikio makali zaidi. Mna saa ndogo, kadi ya kuhifadhi vipimo, na waya unaokwenda kwenye betri iliyowekwa mbali. Juu kuna antena inayosikiliza setilaiti, ili ijulikane kama sauti zake zinafika vizuri au zinatetemeka. Skrubu zote ni za shaba nyeupe, kwa sababu chuma karibu na kihisi ni sawa na ngoma karibu na mtoto aliyelala.

Mama Kuku alimwomba arudie, kwa kifupi, jua linahusikaje. Fundi Simu alisema jua likichafukwa na tumbo hutapika upepo wenye umeme. Upepo huo ukifika duniani hutikisa usumaku wa dunia nzima, na kopo linahisi mtikisiko. Siku hiyo redio za masafa hukoroma, na vifaa vinavyotegemea setilaiti huweza kumdanganya mtu mahali alipo.

Mgeni aliuliza kwa nini kihisi kimefungwa na kitu cheupe chenye picha ya sungura. Fundi Simu alijibu kwamba hiyo ni nepi. Alishajaribu kila njia ya kuzuia unyevu na hakuna iliyoishinda nepi, na mwanawe alikuwa ameacha kuzitumia zikiwa zimebaki nyingi. Mgeni alisema taasisi yake inaagiza kitu cha kazi hiyohiyo kutoka mbali kwa bei ambayo hatapenda kuitaja mbele ya watu. Aliomba apige picha ya nepi. Aliruhusiwa.

KUMB. NA. 5/14: TAARIFA YA MGENI

Mgeni alishukuru kwa mapokezi. Alisema taasisi inatafuta vyombo vya bei nafuu vya aina hii ili isambaze macho yake mahali pengi, na kwamba amepitia vipimo vyote vilivyotumwa na chama. Vya Kopo la Pili, lililoko shambani kwa Mama Kuku upande wa pili wa mji, ni vizuri na vimetulia. Mama Kuku alisema ni kwa sababu anaongea nalo kila asubuhi.

Kuhusu Kopo la Kwanza, lililoko uani kwa Mwenyekiti, Mgeni aliomba ruhusa ya kusema wazi. Mwenyekiti alisema aseme, sayansi haina aibu.

Mgeni alisema Kopo la Kwanza limeripoti dhoruba nyingi kuliko kituo chochote anachokijua. Ndipo alipoangalia saa zake. Kwa maneno yake mwenyewe: "Mzee, jua lako linaamka saa mbili asubuhi. Linachafuka mpaka saa saba. Linapumzika kidogo mchana, halafu linarudi. Jioni linatulia. Na Jumapili halionekani kabisa."

Mama Kuku alisema, "Hilo si jua, hilo ni mwajiriwa."

Mweka Hazina alianza kucheka.

Mgeni aliendelea kwamba hata ile dhoruba kubwa, ambayo Mwenyekiti aliitangaza katika redio ya mtaa na kuwataka watu wote wanaotumia vipimo vya setilaiti wasimamishe kazi, haikuonekana na kituo kingine chochote duniani. Wajumbe walikumbuka kwamba Mpima Ardhi alitii tangazo hilo, akawarudisha vijana wake nyumbani, akagombana na mwenye kiwanja, na hiyo ndiyo sababu ya taarifa yake ya leo.

Mweka Hazina aliuliza ilikuwa siku gani. Alipotajiwa, alisema siku hiyo alimaliza geti la ghala, kubwa kuliko yote aliyowahi kuyatengeneza, na kwa kuwa mwenye ghala alichelewa kulichukua, alilisimamisha likiegemea ukuta. Aliulizwa ukuta upi. Alisema, "Huohuo." Aliomba iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba dhoruba ile ya jua ilikuwa geti lake. Imeingizwa.

Mweka Hazina aliendelea kucheka kwa muda ambao Katibu aliuona ni mrefu kuliko hoja yenyewe.

Mgeni alimaliza kwa kusema kwamba angependa sana kuwaingiza wanachama hawa katika mtandao wa taasisi, lakini hawezi kupeleka mbele ya wakubwa wake chama ambacho dhoruba zake zina mapumziko ya chakula. Anatakiwa kutoa jibu Jumatatu.

KUMB. NA. 6/14: HOJA YA MWENYEKITI KUHUSU KARAKANA

Mwenyekiti alitoa hoja kwamba, kwa kuwa chanzo cha aibu hii sasa kimejulikana, Mweka Hazina ahamishe karakana yake au ajiuzulu, na ikiwezekana vyote viwili.

Katibu anaweka hapa mazungumzo yaliyofuata kama yalivyokuwa, kwa sababu muhtasari wake ungemwonea mmoja wao.

Mweka Hazina: "Shemeji, mimi nilikuwa hapo kabla ya hilo jua lako."

Mwenyekiti: "Jua ndilo lililotangulia."

Mweka Hazina: "Basi likuoneshe kiwanja chake."

Mama Kuku aliingilia kati na kuuliza kama chombo hiki si cha kubebeka. Aliambiwa ni cha kubebeka. Aliuliza, "Sasa mbona hakibebwi?" Kopo lihame ua, karakana ibaki, watu wakale.

Mwenyekiti alisema haliwezi kuhama. Aliulizwa sababu ya kitaalamu. Alitaja aina ya udongo. Fundi Simu, aliyelifukia mwenyewe, alisema udongo ule ni kifusi cha matofali. Mwenyekiti alitaja kivuli. Fundi Simu alisema hakuna kivuli.

Hapo Mwenyekiti aliitazama picha ya tembo iliyobandikwa ukutani. Kisha akasema kwamba alifundisha maisha yake yote, na kila asubuhi palikuwa na darasa lililomsubiri lijue leo atasema nini. Tangu astaafu akiamka hakuna anayemsubiri. Hutoka uani na chai yake, hulifungua kopo kifuniko, huona mstari wa usiku ulivyokwenda. "Ukiliondoa pale," alisema, "nitatoka uani kufanya nini? Kuanika soksi?"

Mweka Hazina aliacha kucheka. Alisema hilo hakulijua, na angelijua angeegemeza geti kwingine. Lakini naye ana lake. Wakati wa mvua za mwanzo wa mwaka alipokea barua ya wito kutoka serikali ya mtaa kwa kosa la kelele. Alifika, akakuta aliyemshtaki ni kaka wa mke wake. "Kelele nilikuwa napiga kweli, sikatai. Lakini kuna ukuta mmoja na mlango mmoja, shemeji. Hukunigongea. Umekwenda kukaa kwenye foleni kwa watu baki ili wakasikilize habari zangu. Nyumbani kwangu umekula chakula, watoto wangu wanakuita mjomba. Mimi ni wa kupelekewa barua?"

Mwenyekiti alisema aliona aibu kugonga. Mweka Hazina alisema hakuona aibu kuandika.

Wote wawili walimgeukia Katibu na kumtaka aseme nani mwenye haki. Katibu alisema anaandika.

Iliamuliwa hoja ipigiwe kura.

KUMB. NA. 7/14: JAMBO LILILOJITOKEZA WAKATI WA KURA

Wakati Mwenyekiti akiwataka wajumbe wanyooshe mikono, Fundi Simu, aliyekuwa akitazama kompyuta iliyounganishwa na Kopo la Tatu, alisema, "Jamani." Mstari uliokuwa umenyooka tangu kikao kianze ulikuwa umepanda ghafla na sasa unashuka.

Mwenyekiti, bila hata kugeuka, aliuliza, "Nani ana chuma?"

Wajumbe wote walimtazama Mweka Hazina. Mweka Hazina alisema karakana ameifunga tangu asubuhi, mafundi wake wamekwenda kwao, na geti la ghala lilishachukuliwa na mwenyewe. Alitakiwa atoe vilivyomo mifukoni. Vilitoka nati, bolti, kipande cha bawaba, futi ya kupimia na bisibisi mbili, vitu vinavyotosha kufungua duka dogo. Alisema amevisahau. Vilipelekwa nje ya ukuta wa shule. Mstari uliendelea kushuka.

Wanaume wote walivua mikanda kwa ajili ya vifungo vyake. Mwenyekiti alivua miwani na kuanzia hapo aliongoza kikao kwa kusikia. Mgeni alichomoa vibanio vya nywele. Mama Kuku alivua viatu, akieleza kwamba fundi alivipigilia misumari mipya. Katibu alitoka nje kwa muda mfupi na kurudi. Kumbukumbu hizi hazihitaji maelezo zaidi. Mstari uliendelea kushuka.

Ndipo ilipokumbukwa kwamba Fundi Simu ana chuma mguuni tangu alipoanguka na pikipiki. Mwenyekiti alimuuliza kwa upole kama kinatoka. Fundi Simu alisema hakitoki. Aliombwa asogee mpaka mwisho wa ua wa shule, alikosimama na kutupungia mkono kuonyesha kwamba hana kinyongo. Mstari uliendelea kushuka, na sasa ulikuwa unatetemeka.

Mweka Hazina alisema labda ni nondo zilizo ndani ya kuta za darasa. Mgeni alisema nondo za ukutani hazitembei. Hata hivyo alishauri chombo kipelekwe mahali pa wazi kabisa, ili kusiwe na neno.

KUMB. NA. 8/14: KIKAO KUHAMIA UWANJANI

Kikao kilihamia uwanja wa mpira. Mama Kuku alibeba kompyuta, Mgeni alibeba betri akitembea nyuma kwa urefu wa waya, na Mweka Hazina, kwa kuwa mikono yake ndiyo haitetemeki, alibeba kopo.

Katikati ya njia ilionekana kwamba Mweka Hazina, akiwa hana mkanda na mikono yote miwili imeshika kopo, suruali inamshuka. Alisimama. Alisema hawezi kuliweka chini, litachafua vipimo, na hawezi kuendelea. Aliyekuwa karibu ni Mwenyekiti peke yake. Kisha Mwenyekiti, ambaye bila miwani ilibidi apapase kwanza, alimshika shemeji yake suruali kwa nyuma, na wakaendelea na safari hivyo, mmoja akiona na mwingine akishikilia.

Timu mbili zilizokuwa zikicheza zilisimamisha mchezo. Mwamuzi aliuliza kuna nini. Mama Kuku alimwambia ni kikao cha kamati.

Kopo liliwekwa katikati ya duara la uwanja, mbali na kila kitu. Mstari haukujali. Uliporomoka palepale mbele ya macho yetu, na antena ikaonyesha kwamba sauti za setilaiti zinacheza kama taa inayotaka kuzimika.

Mgeni aliomba Kopo la Pili liangaliwe. Mama Kuku alipiga simu nyumbani, ikapokelewa na mama mkwe wake, ambaye haliamini kopo na hulishuku kwamba linapunguza mayai.

"Mama, hebu angalia ile kompyuta ndogo jikoni. Mstari ukoje?"

"Ngoja nivae miwani. Ala! Ulipanda, halafu umeanguka kama mlevi mtaroni. Na bado anagaagaa."

"Umeanza saa hizi?"

"Nilipokuwa naosha vyombo ulikuwa umenyooka. Sasa nifanyeje? Nizime kuku?"

Aliambiwa kuku waendelee.

Mgeni alishika kichwa kwa mikono miwili. Alisema makopo mawili, pande mbili za mji, yameanguka wakati mmoja na kwa umbo moja. Hakuna geti kubwa kiasi hicho. "Hii ni dhoruba," alisema. "Hii ni dhoruba kweli." Aliwasiliana na taasisi, akaambiwa watalinganisha kwanza na vituo vya nchi nyingine kabla ya kutoa neno lolote, na kazi hiyo ingechukua mpaka jioni.

Mwenyekiti, ambaye alikuwa bado ameshika suruali, aliomba asomewe tarakimu. Alisomewa. Aliomba asomewe tena. Kisha aliketi kwenye nyasi, na kwa kuwa hakuachia, Mweka Hazina naye aliketi.

KUMB. NA. 9/14: SIMU KWA MPIMA ARDHI

Mgeni aliuliza kama kuna mtu yeyote mjini anayetumia vipimo vya setilaiti wakati huu. Wajumbe walitazamana. Mpima Ardhi alikuwa akipigilia vigingi vya msingi wa wodi mpya ya akina mama wajawazito, na zege lilipangwa kumwagwa alasiri hiyohiyo. Mama Kuku alisema binti yake anatarajia kujifungulia humo. Zege likishakauka mahali pabaya, hakuna wa kuliomba msamaha.

Ilipendekezwa Mwenyekiti apige simu. Mwenyekiti alisema, "Nikipiga mimi, atamwaga haraka zaidi." Hata hivyo alijaribu, simu ikiwa kwenye sauti kubwa. Alipofikia neno "dhoruba", simu ilikatwa.

Mgeni alijaribu. Alijitambulisha kwa cheo chake na taasisi yake. Mpima Ardhi alisema, "Dada yangu, unaongea vizuri sana, lakini huyo mzee amekuokota wapi?" Simu ilikatwa.

Mweka Hazina alisema, "Leteni."

Mwenyekiti alimtazama, kwa kadiri alivyoweza kumwona. Mweka Hazina alichukua simu. Mazungumzo yalikuwa kama ifuatavyo:

"Ni mimi, wa vyuma."

"Hata wewe! Yaani na wewe jua limekupiga?"

"Nisikilize. Unajua mimi na shemeji yangu hatusalimiani."

"Mji mzima unajua."

"Na unajua leo nimemcheka mpaka machozi? Ile dhoruba yake ya redioni ilikuwa geti langu. Nimelisema mwenyewe, limeandikwa. Ningekuwa natafuta siku ya kummaliza, ni leo. Sasa nakwambia hivi: karakana nimefunga, geti liko kwa mwenyewe, na mstari unaanguka. Niko katikati ya uwanja wa mpira, nimevuliwa mkanda, shemeji amenishika suruali, timu mbili zinatutazama. Mtu anayetania huwa amevaa vizuri."

Ilisikika mashine ya kuchanganyia zege.

"Simamisha hiyo mashine," Mweka Hazina alisema. "Chukua futi ndefu, pima kutoka kwenye ukuta wa wodi ya zamani, kama walivyopima wazee. Ukikuta nimesema uongo, njoo unitukane mbele ya mke wangu. Yupo hapa, ataandika."

"Kwa futi?"

"Kwa futi."

Simu ilikatwa, lakini kwa namna nyingine.

Kikao kilisubiri. Timu hazikurudi mchezoni. Fundi Simu, aliyekuwa bado amesimama mbali kwa ajili ya mguu wake, aliuliza kwa ishara kuna nini, na wajumbe walimjibu kwa ishara ambazo alisema baadaye hakuzielewa hata moja. Mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo kwamba heri vigingi viwe sawa na yeye achekwe tena, kuliko viwe vibaya. Mweka Hazina alisema, "Nyamaza kwanza, shemeji." Hii ilikuwa mara ya kwanza tangu mvua wawili hawa kusemezana bila kupitia kwa Katibu na bila ugomvi, na Katibu hakutaka kuwakumbusha.

Mpima Ardhi alipiga mwenyewe. Alikuwa anahema. Alisema vigingi vya mbele, alivyopigilia asubuhi, viko sawasawa. Vya nyuma, alivyopigilia muda mfupi uliopita, vimesogea. Kona moja ya wodi imeingia ndani ya mtaro wa maji machafu. "Kifaa kilikuwa kinaniambia kiko sawa," alisema. "Kilikuwa kinaniambia kwa kujiamini kabisa!" Mashine imesimama, msimamizi wa ujenzi anamfokea, na yeye hana habari naye.

Kisha aliuliza nani kati yetu aliyeiona dhoruba wa kwanza.

Mweka Hazina alisema, "Shemeji yangu."

Katibu analazimika kuweka wazi kwamba, kwa usahihi, aliyeuona mstari wa kwanza ni Fundi Simu. Alipoulizwa baadaye kama angependa hilo lirekebishwe, Fundi Simu alisema liachwe kama lilivyosemwa.

KUMB. NA. 10/14: MAAZIMIO

Kikao kiliendelea hapohapo uwanjani, wajumbe wakiwa wamekaa chini. Fundi Simu aliruhusiwa kusogea mpaka umbali wa kusikia.

Mgeni alisema atapendekeza Kopo la Pili na la Tatu yaingie katika mtandao wa taasisi, na nepi iandikwe katika ripoti kama ugunduzi wa chama. Kopo la Kwanza litakubaliwa likihamishwa mbali na vyuma.

Mwenyekiti alikubali lihame. Liletwe pembeni ya uwanja huu, naye atakuja na chai yake kila asubuhi kulisoma. Madaktari nao husema kutembea ni kuzuri. Aliondoa hoja yake kuhusu karakana. Kwa kuwa kura ilikuwa imekatizwa, iliandikwa kwamba haikupigwa.

Mweka Hazina alijitolea kuchimba shimo. Aliambiwa asije na sururu ya chuma. Alisema atachimba na chochote atakachopewa.

Iliazimiwa pia kwamba tangu sasa tatizo lolote kati ya nyumba hizo mbili litagongewa mlango kwanza. Azimio hili lilipendekezwa na Mama Kuku. Waliohusika waliinamisha vichwa, na Mwenyekiti aliposema, "Nilikosa pale, shemeji. Ningegonga," Mweka Hazina alisema hata yeye angeweza kupunguza kelele wakati wa watu kulala mchana, ila kiburi kilimzidi.

KUMB. NA. 11/14: MENGINEYO

(a) Wakati kikao kikielekea mwisho, Mgeni alipokea ujumbe kutoka taasisi. Vituo vya mbali, mashariki na magharibi, vimeiona dhoruba ileile, na wakubwa wake wanauliza nani amewahi kuipima huku. Mgeni aliomba atajiwe jina rasmi la chombo ili awajibu ipasavyo. Mwenyekiti alifikiri. Akasema, "Waambie ni kopo."

(b) Mwamuzi wa mpira aliuliza kama uwanja unaweza kurudishwa. Alijibiwa kwamba unaweza.

(c) Mwenyekiti aliomba iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba amesema: "Asante, shemeji." Mweka Hazina aliomba ifutwe, kwa kuwa hayo ni mambo ya nyumbani na hayahusu chama. Katibu, akiwa mtu wa nyumba zote mbili, alikataa kufuta.

KUMB. NA. 12/14: KUFUNGA KIKAO

Hapakuwa na la ziada. Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni, na wajumbe walirudi shuleni kutafuta mikanda yao.

.................................
MWENYEKITI
(amesaini bila miwani, sahihi imevuka mstari)

.................................
KATIBU